Jino la Tano na la Sita

Langoni waliandika vitu vyangu kwenye karatasi yenye safu mbili, "ndani" na "nje". Bisibisi nne, koleo ndogo moja, flashi moja, diski mpya moja, ufutio mmoja, chupa ndogo ya spiriti, pamba vipande kumi. Simu ilibaki kwenye kabati la mlinzi. Utepe wa gundi aliukataa.

"Huu hauingii."

"Ni wa kufungia nyaya tu, afande."

"Nyaya zitajifunga zenyewe. Na hivi vingine, dada, nataka vyote virudi. Kikipungua kimoja, na wewe unabaki huku. Pamba nimezihesabu, ujue."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nje ya lango, kwenye benchi la wageni, nilikuwa nimemwacha mwanamke mmoja aliyepakata mfuko wa nguo za kiume. Aliniuliza kama mimi ni wakili. Nilipomjibu kwamba ni fundi wa kompyuta, aliniangalia kwa makini.

"Mdogo wangu anatoka leo," alisema. "Basi usituharibie mashine, mwanangu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Makao makuu yalikuwa yameamua kwamba kompyuta ya masijala ya kila gereza ihamie kwenye mfumo wa Linux, na nilikwishamaliza magereza sita bila tatizo la maana. Hili lilikuwa la saba.

Masijala ilikuwa chumba cha hatua tano kwa nne. Dirisha lilikuwa moja, lenye nondo, tena juu kiasi kwamba ungeona anga tu. Mafaili yalifungwa kwa kamba na kupangwa kwenye rafu hadi darini. Palikuwa na meza, benchi, printa, na kompyuta chini ya meza. Mlango ulikuwa wa chuma na ulifungwa kwa nje. Kila baada ya nusu saa askari wa korido alichungulia kwenye tundu na kuuliza neno moja, "Hati?" Kama hati ya kumwachia mfungwa ilikuwa tayari, alifungua. Kama haikuwa tayari, alikwenda zake.

Msimamizi wa masijala alikuwa sajenti wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani ya kamba shingoni na kucha fupi zilizopakwa rangi nyekundu. Alinieleza utaratibu kabla sijaweka begi chini.

"Hati inachapwa siku yenyewe, baada ya saa sita mchana, mfungwa akiwepo. Anaweka dole gumba hapo hapo. Zamani kuna bwana mmoja alichapa za wiki nzima akaziacha mezani, wakatoka watu wawili wasiostahili kutoka. Tangu siku hiyo, hakuna kuchapa mapema."

"Leo una wangapi?"

"Mmoja. Lango la kuachia linafungwa saa kumi. Na huyu wangu ana msamaha wa tarehe. Leo ikipita, msamaha umelala, faili linarudi juu kupitiwa upya. Wa mwisho kupitwa alikaa miezi saba."

"Mimi saa tano nitakuwa nimemaliza."

"Haya, binti yangu."

Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa kujaribu kabla ya kugusa. Nilichomeka flashi yenye Linux, nikawasha. Mfumo uliamka, ukaorodhesha ulichokiona: diski mbili za daftari la wafungwa, zikisimamiwa na kadi ya kuziunganishia na kompyuta. Kadi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiihofia. Ilikuwa ya seva ya zamani iliyokufa, ikahamishiwa kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu, ya kompyuta ya kawaida ya ofisini, na vifaa vya aina hizo mbili havielewani kila mara. Huwezi kuikwepa, kwa sababu diski za seva hazichomeki kwenye matundu ya mazabodi ya kawaida. Lazima zipitie kwenye kadi yake. Lakini siku ile zilielewana. Niliandika kwenye kijitabu: "Saa tatu na dakika arobaini. Kadi inaonekana. Diski zote mbili zinaonekana. Hakuna shida."

Kisha nikazima, nikafungua boksi ili niweke diski mpya ya mfumo, na nikakuta vumbi la miaka.

Mimi husafisha. Sijawahi kuacha mashine niliyoifungua bila kuisafisha, na mafundi wenzangu hunitania kwamba ningefaa kuosha vyombo. Nilitoa kadi. Ukingo wake wa chini una safu ya vipande vidogo vya rangi ya dhahabu, ambavyo mafundi tunaviita meno. Ndivyo vinavyoingia kwenye mazabodi. Meno yale yalikuwa na uchafu, na mahali pamoja palikuwa na doa jekundu lililoganda, kama la juisi. Niliyasugua kwa ufutio, nikayafuta kwa pamba na spiriti hadi yakang'aa. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikawasha.

Feni zilizunguka. Kioo kilibaki cheusi.

Niliitoa kadi, nikawasha tena. Kioo kiliwaka, mazabodi ikaonekana nzima, ila diski za daftari hazikuwepo. Nikairudisha kadi. Kioo cheusi. Nikaihamishia kwenye nafasi nyingine ya mazabodi, kioo cheusi. Nikatoa betri ndogo ya mazabodi kwa dakika kumi ili mipangilio ijifute, nikaunganisha upya kila waya, nikavibadilishia nafasi vipande vya kumbukumbu. Kioo cheusi. Mashine haikufika hata hatua ya kusoma flashi. Ilisimama kabla ya mwanzo.

Saa sita na robo mlango ulifunguliwa, wakamwingiza mfungwa, ukafungwa. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi za pembeni. Wenzake walimwita Kalamu kwa sababu aliwaandikia barua. Sajenti alimwambia akae kwenye benchi, naye akakaa, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Sajenti, kisha akanigeukia. "Habari za kazi, dada fundi?"

"Nzuri," nilisema. Haikuwa kweli, na kusema uongo si kawaida yangu.

Sajenti aliangalia kioo cheusi, akaniangalia mimi. "Ndivyo inavyokuwa mnapoweka hiyo Linux yenu?"

"Linux bado sijaiweka."

"Sasa hiki ni nini?"

"Kadi na mazabodi vimekataana."

"Asubuhi si vilikuwa vinasalimiana vizuri tu?"

"Ndiyo."

"Enhe. Na katikati hapa amepita nani?"

Tulikuwa watatu ndani ya chumba, na mikono iliyokuwa imegusa mashine ilikuwa yangu.

"Kuna nakala makao makuu," nilisema.

"Ya Ijumaa iliyopita. Msamaha wake umeingizwa Jumatatu. Kwenye nakala hiyo huyu ana miaka miwili mbele yake."

"Tuwaombe wathibitishe kwa simu."

"Hati haitoki kwa simu. Ingekuwa inatoka kwa simu, hili gereza lingekuwa tupu."

Kalamu alicheka kidogo, akaacha.

Saa saba. "Hati?" "Bado." Saa saba na nusu. "Hati?" "Bado." Nilikuwa nimelala chali chini ya meza, na kutoka pale niliona viatu vyao tu: buti za Sajenti zikienda hatua nne na kurudi hatua nne, ndala za Kalamu zikiwa zimetulia. Nilifikiri nimeiua kadi kwa umeme wa mwilini mwangu. Hutokea. Kama ndivyo, hakukuwa na dawa ndani ya kuta zile.

"Dada fundi," sauti ya Kalamu ilisema. "Ile kadi, uliisafisha?"

"Ndiyo."

"Na meno yake?"

Buti zilisimama.

"Wewe Kalamu," Sajenti alisema, "hapa umeletwa kuweka dole gumba. Nani amekuuliza habari za meno? Funga hilo lako."

"Samahani, mama."

Nilibaki pale chini bila kusogea. Mtu wa kawaida akiiona kadi ile atasema "pale chini" au "vile vya dhahabu". Meno ni neno la mafundi.

Nilitoka chini ya meza nikaketi sakafuni. Nilikitafuta kipande cha pamba nilichokitumia, nikakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na alama nyekundu. Nilikinusa. Juisi hainuki hivyo, hata ikichanganyika na spiriti. Nikaangalia kucha za Sajenti. Naye akaziangalia, kisha akaingiza mikono mfukoni.

Hapo mambo yalijipanga, na nikaona aibu kwamba hayakujipanga mapema, kwa sababu niliwahi kuyasoma. Kati ya meno ya kadi kuna mawili yasiyopitisha data ya diski. Mazabodi huyatumia kuulizana hali na vifaa vyake wakati wa kuwaka. Kadi ya seva hujibu kwa utaratibu wa seva. Mazabodi ya kawaida haielewi jibu, inakwama hapo hapo, kioo hakiwaki. Ukiyafunika meno hayo mawili, swali halifiki na jibu halirudi, na mashine inaendelea na kazi. Watu hutumia utepe mwembamba. Asiye na utepe hutumia rangi ya kucha.

Kwa hiyo lile doa halikuwa uchafu. Ndilo lililokuwa limeiwezesha mashine kuwaka, na mimi nikalifuta.

Jambo moja sikulijua. Meno ni mengi, na pamba haikuonyesha ni yapi. Katika yale niliyosoma nilikumbuka kwamba ni mawili na yamepakana. Namba zake sikuzikumbuka. Ukifunika mengine, unaweza kukata njia ya diski au ya umeme.

"Sajenti," nilisema. "Kuna meno mawili ya kadi hii yalipakwa rangi. Sitauliza yalipakwa na nani. Nauliza ni yapi."

Kalamu aliangalia sakafu. Nilijua kanuni iliyokuwa imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, kwa maana nilikuwa nimeisoma asubuhi: mfungwa atakayegusa kumbukumbu yoyote ya kifungo, au chombo kinachoihifadhi, atafutiwa msamaha. Mstari wa pili ulisema askari atakayemruhusu atafukuzwa kazi. Kalamu akisema, anabaki. Asiposema, anabaki vilevile. Nilielewa pia kwa nini alikuwa amekaa namna ile, mikono juu ya magoti. Ilionekana hata vidole vyake visingeweza kusogea bila kumshitaki.

"Hati?" aliuliza askari kwenye tundu.

"Bado," alisema Sajenti. Alisubiri nyayo zipotee. Kisha akavuta kiti akaketi, akavua miwani.

"La tano na la sita," alisema. "Ukihesabu kuanzia mwisho wa safu ulio nyuma ya boksi. Upande wenye chipu."

"Mama," alisema Kalamu.

"Nyamaza. Nimeulizwa mimi." Alinigeukia. "Seva ilikufa miaka mitatu iliyopita. Wakaleta hii kompyuta, wakapachika kadi, haikuwaka. Wakasema fundi anakuja. Wiki tano, binti yangu. Wiki tano fundi anakuja. Nilikuwa na watu kumi na tisa wamemaliza vifungo vyao na wako ndani, na kila asubuhi wananiamkia kwa heshima kabisa, shikamoo mama. Ungefanyaje?"

"Sijui," nilisema. Hilo lilikuwa kweli.

Alifungua droo ya chini, akainua rundo la fomu, akatoa kichupa.

"Hata hiki hakiruhusiwi humu," alisema. "Sasa hesabu vizuri, maana macho yangu mimi hayafai tena."

Nilihesabu mara tatu. Nilipaka jino la tano na la sita kwa ncha ya brashi, huku nikizuia pumzi. Kila jino halifiki upana wa milimita moja. Kalamu alisogea mbele kwenye benchi, akajirudisha mwenyewe.

"Tabaka mbili," alisema kwa sauti ya chini, akiangalia ukuta. "Nawaza tu kwa sauti."

Nilipaka tabaka mbili. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Rangi ya kucha mbichi ikiingizwa kwenye mazabodi inakwanguka, na kazi yote inaanza upya. Lazima ikauke, na kukauka hakuharakishwi. Tuliiweka kadi juu ya faili, chini ya dirisha, tukaketi watu watatu kuitazama.

Sajenti aliinama akaanza kuipuliza.

"Usipulize, mama. Pumzi ina unyevu."

"Kucha zangu napuliza siku zote."

"Kucha zako haziendi kwenye umeme."

"Aa, kumbe unajua kujibu. Asubuhi ulikuwa mpole."

Saa tisa. "Hati?" "Bado." Saa tisa na robo niligusa ukingo wa rangi kwa ncha ya bisibisi. Ilikuwa na ulaini kidogo. Niliirudisha chini. Katika maisha yangu ya kazi nimesubiri mambo mengi yakamilike, lakini siku zote kulikuwa na asilimia inayopanda kwenye kioo. Hapa hakukuwa na asilimia. Kulikuwa na madoa mawili mekundu na sauti ya saa ya ukutani.

"Dada yangu yupo nje?" Kalamu aliniuliza. "Mrefu, mkali kidogo?"

"Yupo. Ameniambia nisiharibu mashine."

"Ndiye huyo," alisema.

Saa tisa na dakika ishirini na tano rangi ilikuwa ngumu. Niliingiza kadi, nikaibana, nikachomeka flashi, nikawasha. Feni zilizunguka. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilipofika saba kioo kiliwaka, jina la kadi likatokea juu, kisha Linux ikaanza kujipakia. Ikaorodhesha diski mbili.

Sajenti alivaa miwani.

Nilifungua daftari la wafungwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kusakinisha kungesubiri. Hati ilitoka kwenye printa. Mimi husoma kila kinachochapwa, na nilisoma hiyo. Tarehe ya hukumu. Tarehe ya kuanza kifungo. Kati ya hizo mbili kulikuwa na siku kumi na moja.

"Hizi siku kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Mahabusu ya polisi," alisema Kalamu. "Gari la kutuleta huku lilikuwa bovu."

"Zilipaswa kuhesabiwa kwenye kifungo. Hazikuhesabiwa."

"Najua."

Sajenti aligeuka. "Tangu lini unajua?"

"Tangu miaka mitatu iliyopita, mama. Kioo kilipowaka nilitaka kuhakikisha daftari linafunguka. Nikaandika jina ninalolijua."

"Na hukusema!"

"Ningesema nimeona wapi?"

Nilikuwa nikijiuliza jambo moja tangu saa nane, na sikuwa nimelisema. Mtu aliyekaa mbele ya daftari linalohesabu siku zake, peke yake na ufundi wake, angeweza kuandika tarehe yoyote. Sasa nilikuwa na jibu, limechapwa. Kosa la siku kumi na moja dhidi yake lilikuwa bado pale, halijaguswa.

Aliweka dole gumba. "Hati?" aliuliza askari kwenye tundu, na Sajenti akasema, "Ipo. Fungua, ipeleke kwa mkuu asaini. Mbio." Kalamu aliondoka naye. Mlangoni aligeuka akaniinamishia kichwa.

Ilibaki fomu ya hitilafu, ambayo lazima niijaze kabla sijatoka. Kipengele cha nne, chanzo. Niliandika: "Fundi alisafisha kadi na kuondoa kizio, yaani kizuia umeme, kilichokuwa kwenye meno ya tano na ya sita. Bila kizio hicho kadi hii na mazabodi hii haviwezi kuwaka pamoja. Kizio kimerudishwa. Kisiondolewe." Kipengele cha tano kiliuliza ni watu gani waliofungua mashine, kwa kadiri fundi alivyoshuhudia. Nilisoma neno la mwisho mara mbili. Nilichoshuhudia ni kimoja. Niliandika, "Mimi, leo."

Sajenti aliisoma nilipomaliza, akairudisha. Kisha akanisogezea kiti ili nisakinishe mfumo nikiwa nimekaa, si nikiwa nimepiga magoti kama asubuhi. Nilianzisha usakinishaji kwenye diski mpya. Saa tisa na dakika hamsini ulikuwa umekamilika. Nikachomoa flashi, nikawasha, mashine ikaamka yenyewe. Askari wa korido alikuja kunichukua.

Langoni Kalamu alikuwa mbele yangu, amevaa suruali iliyokuwa ya saizi yake zamani. Mlinzi aligonga muhuri hati yake, kisha akavuta karatasi yangu ya safu mbili.

"Bisibisi nne. Koleo. Flashi. Chupa. Diski mpya?"

"Imebaki ndani ya mashine. Fomu hii hapa."

"Sawa. Pamba." Alizihesabu kwa kidole hadi akafika kwenye ile moja. "Hii ni damu?"

"Rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ilikuwa kwenye kadi. Nimeifuta."

"Nani aliipaka?"

Kalamu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye mlango mdogo wa lango, akituonyesha mgongo. Hakusogea.

"Sikuwepo," nilisema.

Mlinzi aliitupa pamba kwenye rundo. "Kumi." Akamwangalia Kalamu. "Na wewe unasubiri nini, uimbiwe? Saa kumi kasoro dakika mbili. Toka!"

Alitoka. Nilimsikia dada yake akifoka kabla sijamwona. "Suruali gani hii! Si nimekuletea nyingine?"

Nilichukua begi langu.

"Subiri kwanza," alisema mlinzi. "Ufutio."

Nilipapasa mifuko, nikapapasa begi. Niliuona akilini, umelala chini ya meza ya masijala, karibu na pale nilipokuwa nimelala chali.

"Nimeusahau ndani."

"Nilikwambia asubuhi ukacheka." Aliusukuma mlango mdogo ukajifunga, akageuza ufunguo. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kamili. "Kaa hapo. Nitatuma mtu akauchukue."

Niliketi kwenye benchi la ndani. Upande wa pili wa lango, kaka na dada walikuwa bado wakibishana kuhusu suruali, na sauti zao zilikuwa zikienda mbali.